Masomo ya Ubunifu wa Mambo ya Ndani: Nani Asome Nini, na kwa Kazi Ipi

Mtu anayetaka kuwa mbunifu wa mambo ya ndani ya majengo akiuliza asome nini, atapewa majibu yanayopingana, na kila jibu litatoka kwa mtu anayeijua kazi hiyo vizuri. Mmoja atamwambia kwamba kozi ya miezi michache inatosha. Mwingine atashikilia kwamba bila shahada ya miaka minne hawezi kufika mbali. Wa tatu atamtajia wabunifu mashuhuri ambao hawakuisomea kazi hiyo popote. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu wanazungumzia kazi tofauti zinazoitwa kwa jina moja. Kabla ya kuchagua chuo ni lazima kwanza kuzitenganisha kazi hizo na kuangalia kila moja inamwajibisha mtu kwa jambo gani, maana kiasi cha elimu kinachohitajika hulingana na uzito wa madhara yatakayotokea iwapo kazi itafanywa vibaya.

Kazi ya kwanza ni upambaji. Mpambaji hukabidhiwa chumba kilichokamilika: kuta zimesimama, madirisha yapo, umeme na maji vimeshapitishwa panapostahili. Yeye huchagua rangi, samani, mapazia, mazulia na taa za mezani, kisha huvipanga hadi vipatane. Kazi hii inadai jicho kali na ujuzi wa vitambaa na samani ambao haupatikani kwa siku mbili, lakini kosa lake kwa kawaida husahihishika kwa kupaka rangi upya au kubadilisha kochi. Kazi ya pili, ambayo ndiyo hasa inayokusudiwa na vyuo vingi, inagusa mwili wa jengo. Mbunifu huondoa kuta zisizobeba uzito na kusimamisha nyingine, hushusha dari, huhamisha milango, hupanga mahali pa taa na soketi, huamua sakafu iwe ya nini, na hutoa michoro ambayo mkandarasi ataifuata kama ilivyo. Kazi ya tatu ni usanifu wa ndani, ambao katika nchi kadhaa za Ulaya hufundishwa na kusajiliwa sambamba na usanifu wa majengo. Anayeufanya anaweza kupewa ghala kuukuu aligeuze kuwa maktaba, akishirikiana na mhandisi wa miundo tangu siku ya kwanza. Mipaka kati ya kazi hizi si ileile katika kila nchi, na wako watu wanaozifanya zote, lakini anayeanza masomo anapaswa kujua ni ipi anayoilenga.

Wengi hushangaa kusikia kwamba serikali yoyote inaweza kujishughulisha na mtu anayechagua mazulia na dari. Sababu yake kubwa ni moto. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston iliteketea na watu 492 wakafa. Dari za chini zilikuwa zimefunikwa vitambaa, kulikuwa na minazi ya bandia ya kupendezesha ukumbi, na moto ulienea humo kwa dakika chache tu. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, nao ulikwama kwa msongamano wa waliokuwa wakikimbia; milango mingine ilikuwa imefungwa, au ilifunguka kwa kuvutwa ndani, hivyo umati ulioisukuma ukajifungia wenyewe. Miaka 60 baadaye, Februari 2003, klabu ya The Station katika jimbo la Rhode Island iliungua baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kuzuia sauti. Watu 100 walikufa. Ukiyaangalia matukio haya mawili kwa makini, utaona kwamba kitambaa cha dari, sponji ya ukutani, aina ya mlango na upande unakofungukia ni mambo yanayoamuliwa na mtu anayepanga mambo ya ndani. Hakuna nguzo iliyovunjika wala msingi uliotitia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya elimu ya kazi hii inahusu mambo ambayo hayaonekani kabisa katika picha nzuri za magazetini.

Elimu hiyo haikuanza hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hii ilitegemea ladha na mahusiano. Elsie de Wolfe, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani, alipewa mwaka 1905 kazi ya kupamba Colony Club, klabu ya wanawake mjini New York, na ilipofunguliwa mwaka 1907 jina lake lilienea bila yeye kuwa na cheti chochote cha fani hiyo. Wakati huohuo shule zilikuwa zinaanza. Shule iliyokuja kuitwa Parsons ilianzisha masomo ya upambaji wa ndani mwaka 1904, na New York School of Interior Design ikafunguliwa mwaka 1916. Nchini Ujerumani, shule ya Bauhaus iliyoanzishwa mwaka 1919 ilileta wazo ambalo vyuo vingi vinalifuata hadi leo: kabla ya mwanafunzi kubuni kitu chochote, apitie kozi ya awali ya kuchezea maumbo, rangi na vifaa kwa mikono yake mwenyewe, ili ajue mti, chuma, kioo na nyuzi vinakubali nini na vinakataa nini.

Anayeonyesha vizuri zaidi jinsi taaluma ilivyobadilika ni Florence Knoll. Alisomea usanifu wa majengo, na katika miaka ya 1940 akaanzisha kitengo cha kupanga ofisi ndani ya kampuni ya samani ya Knoll. Kabla ya kuchora, kitengo hicho kilikwenda kwa wafanyakazi wenyewe kuuliza kila mtu anafanya kazi gani, anahitaji kuwa karibu na nani, anahifadhi nini na anatumia vifaa vipi; mpangilio wa samani ulitokana na majibu hayo. Hatua hiyo ya kuchunguza mahitaji kabla ya kubuni sasa ni somo linalojitegemea katika vyuo. Mwaka 1970 Marekani ilipata chombo cha kutoa ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, kwa programu za masomo ya ubunifu wa ndani, ambacho leo kinaitwa CIDA, na mwaka 1974 baraza la mtihani wa kitaaluma wa NCIDQ likasajiliwa rasmi. Kuanzia hapo mtu aliweza kupimwa kwa jambo lingine zaidi ya ladha yake.

Nikirudi kwa kijana aliye sekondari, ushauri anaopewa mara nyingi ni asome sanaa. Ushauri huo ni sahihi, ila haujakamilika. Hisabati, hasa jiometri, itamfuata kila siku: kukokotoa eneo la sakafu na idadi ya vigae pamoja na vile vitakavyokatwa, kubadili vipimo kutoka skeli moja kwenda nyingine, kukadiria gharama. Fizikia humwandaa kuelewa mwanga, sauti na joto. Uchoraji wa kiufundi, pale unapofundishwa, humpa mwaka mzima wa kuwatangulia wenzake. Naongeza somo ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni uandishi. Mbunifu huandika kila wakati: maelezo ya vifaa ambayo fundi atayafuata, barua za kumweleza mteja kwa nini bei imebadilika, mikataba, ripoti za ukaguzi wa jengo. Sentensi moja yenye utata katika maelezo ya vifaa inaweza kuwafanya mafundi walaze aina isiyo sahihi ya mbao katika ghorofa nzima, na hapo hakuna mchoro mzuri utakaomwokoa aliyeiandika.

Baada ya sekondari njia zinagawanyika. Cheti cha miezi michache hadi mwaka mmoja hufundisha misingi ya rangi, samani, vitambaa na uchoraji, na humfaa anayetaka upambaji au anayetaka kujipima kabla ya kujifunga kwa miaka mingi. Stashahada, ambayo aghalabu huchukua miaka miwili au mitatu, huongeza michoro ya ujenzi, programu za kompyuta na kanuni za msingi. Wengi wanaomaliza hapa huajiriwa kuwa wachoraji na wasaidizi katika ofisi za wabunifu, au kuwa washauri katika maduka makubwa ya samani na majiko. Shahada ya kwanza, ya miaka mitatu au minne kulingana na mfumo wa nchi, ndiyo inayofungua njia ya majengo ya umma kama hospitali, shule, hoteli na ofisi. Shahada ya uzamili huwasaidia watu wa aina mbili walio tofauti sana: wale waliosoma fani nyingine wakaamua kuhamia hapa, na wale ambao tayari ni wabunifu wanaotaka kubobea au kufundisha.

Tofauti ya ngazi hizi haiko kwenye muda peke yake. Katika kozi fupi mwanafunzi hujifunza kuchagua. Katika shahada hulazimishwa kutetea alichokichagua, mbele ya watu, kwa sababu zinazopimika. Mahali pa kufanya hivyo ni studio, somo ambalo katika chuo kizuri hula saa nyingi kuliko mengine yote kwa juma na ambalo wanafunzi hulikumbuka kuliko yote.

Tuchukue zoezi la aina inayotolewa katika mwaka wa pili: chumba cha kusubiri cha zahanati ndogo, upana mita 4 na urefu mita 6. Mwanafunzi hupanga viti 20 kuzunguka kuta, anaweka kaunta ya mapokezi karibu na mlango, anachagua rangi tulivu, na mchoro unapendeza. Mwalimu anachukua karatasi ya kufuatishia, anachora duara lenye kipenyo cha milimita 1,525, ambalo ndilo viwango vya Marekani vinalitaka ili kiti cha magurudumu kiweze kugeuka, kisha analiweka mbele ya kaunta. Duara linakanyaga viti vitatu. Viti hivyo vinaondoka. Anauliza upana wa mlango. Mwanafunzi anajibu milimita 900. Anaulizwa tena: huo ni upana wa ubao wa mlango, au ni nafasi inayobaki mlango ukiwa wazi? Unene wa ubao na ukingo wa fremu hupunguza sentimita kadhaa, na nafasi halisi ya kupita haitakiwi kuwa chini ya milimita 815. Safari hii anapona, lakini ubao huo ukifunguka unapita juu ya magoti ya mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha kwanza. Kiti cha nne kinaondoka. Kaunta nayo ina urefu wa kumfaa mtu aliyesimama tu, kwa hiyo sehemu yake lazima ishushwe isizidi milimita 915 kutoka sakafuni, ili mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu aonane uso kwa uso na mhudumu. Kisha linakuja swali ambalo hakulitarajia: mgonjwa akitaja ugonjwa wake hapa mapokezi, nani mwingine anamsikia? Viti viwili vilivyo karibu zaidi vinaondolewa, na kati ya vilivyobaki na kaunta kunahitajika kitu cha kumeza sauti.

Viti 20 vimekuwa 14, na mwanafunzi anaondoka akiwa na mchoro mbovu kwa macho kuliko alioingia nao. Juma linalofuata hurudi akiwa ameupanga upya wote, na hapo ndipo ubunifu wake unapoanza kuonekana, kwa kuwa sasa anatafuta uzuri ndani ya masharti ambayo hawezi kuyakwepa. Mimi naliona zoezi la namna hii kuwa kiini cha elimu yote ya fani hii. Chuo kinachompa mwanafunzi sifa kwa mchoro wa kwanza kimemdhulumu, hata kama kina majengo mazuri na kompyuta mpya.

Masomo yanayoizunguka studio yote huja kuilisha. Somo la mwanga humfundisha kwamba mwanga hupimwa, kwa kizio kiitwacho laksi: kiwango cha Ulaya cha mwangaza wa sehemu za kazi kinataka laksi 500 juu ya meza ya kuandikia na kuridhika na laksi 100 katika ujia. Humfundisha pia kwamba taa mbili zenye mwangaza sawa zinaweza kuonyesha kitambaa kilekile kwa rangi mbili, na kwamba rangi zilizofanana kabisa chini ya taa za dukani zinaweza kuachana zikifika kwenye mwanga wa jua. Somo la rangi lina historia yake ya kupendeza. Michel Eugène Chevreul, mwanakemia aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa zimefifia. Alipochunguza aligundua kwamba rangi yenyewe haikuwa na kasoro. Weusi ulionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizokaa kando yake. Alichapisha matokeo yake mwaka 1839, na mpaka leo mwanafunzi huketi na vipande vya karatasi za rangi akijionea mwenyewe kijivu kimoja kikigeuka cha joto au cha baridi kwa kubadilisha tu kilichokizunguka.

Sauti hupuuzwa zaidi, ilhali ndiyo inayoharibu mikahawa, madarasa na ofisi nyingi zinazopendeza kwa macho. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliombwa kurekebisha ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno moja liliendelea kusikika kwa takriban sekunde 5.5, hivyo maneno ya mhadhiri yakarundikana moja juu ya jingine. Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi usiku, wakibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakiipanga kidogo kidogo na kupima kila mara mwangwi umepungua kwa muda gani. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni inayohusisha ukubwa wa chumba, uwezo wa vitu vilivyomo kumeza sauti, na muda wa mwangwi. Mwanafunzi anayeifahamu kanuni hiyo hawezi tena kuchagua sakafu ya vigae, kuta za kioo na dari ya zege kwa chumba kimoja bila kujua atakachokisikia siku ya ufunguzi.

Halafu kuna vifaa. Hapa chuo hutambulika kwa chumba chake cha sampuli, na ningemshauri kila anayetembelea chuo aombe kukiona. Mwanafunzi anapaswa kushika vipande vya mbao halisi, plaiwudi, bodi za jasi, mawe, mpira wa sakafuni na vitambaa, na kujua kwa kila kimoja kinavyosafishwa, kinavyochakaa, kinavyoshika moto, kinavyounganishwa na jirani yake, na hewa gani kinaitoa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya formaldehyde inayotoka kwenye gundi za baadhi ya mbao zilizoshindiliwa ni mfano unaojulikana sana, na nchi kadhaa zimeiwekea viwango vya mwisho. Kanuni za ujenzi hufundishwa pamoja na haya: umbali wa kutembea hadi mlango wa dharura, upana wa ujia, viwango vya kuwaka kwa vifaa vya ukutani, mteremko wa njia ya magurudumu ambao viwango vingi havitaki uzidi 1 kwa 12. Tarakimu zenyewe hutofautiana kati ya nchi na hubadilika, kwa hiyo mwalimu mwema hatilii mkazo kuzikariri. Humfundisha mwanafunzi kulifungua buku la kanuni, kupata kifungu kinachohusika na kukisoma kwa usahihi.

Kuhusu kompyuta, wanafunzi wengi huingia chuoni wakiamini kwamba kuzijua programu ndiko kuijua kazi. Ni kweli kwamba hakuna ofisi itakayomwajiri mtu asiyeweza kutumia programu za kuchorea majengo kama AutoCAD, Revit au nyingine za aina hiyo, na picha za kompyuta zinazoonyesha chumba kana kwamba kimeshajengwa zimekuwa njia ya kawaida ya kuzungumza na wateja. Lakini programu hizo hubadilika kila baada ya miaka michache, na kuzijifunza hakuhitaji shahada. Mkono bado una kazi yake. Mbunifu aliyesimama na fundi seremala kwenye eneo la ujenzi, mbele ya kona ambayo haikukatwa kama ilivyotarajiwa, hutatua tatizo kwa penseli na kipande cha ubao ndani ya dakika mbili. Tena picha ya kompyuta ina hatari ambayo anayeanza haioni: inaweza kuonekana imekamilika ilhali mchoro wa mkato, unaoonyesha kilichomo ndani ya ukuta na juu ya dari, haujafikiriwa hata kidogo. Bomba la hewa lenye kina cha sentimita 40 halitapita katika nafasi ya sentimita 30, na picha haitalisema hilo.

Shahada ikishapatikana, elimu haijaisha. Katika mifumo mingi ndipo nusu yake ya pili inapoanza. Mtihani wa NCIDQ, unaotumika Marekani na Kanada, una sehemu tatu, na hakuna anayeumaliza kwa kusoma vitabu pekee. Sharti la chini la elimu ni krediti 60 za masomo ya baada ya sekondari, na angalau 40 kati ya hizo ziwe za ubunifu wa ndani. Mwenye shahada katika fani hii hutakiwa kuwa na saa 3,520 za kazi, ambazo ni sawa na takriban miaka miwili ya ajira ya kutwa, na anaruhusiwa kukusanya hadi 1,760 kati yake kabla hajahitimu. Mwenye masomo mafupi zaidi hutakiwa kuwa na saa nyingi zaidi. Hesabu hiyo ina busara: pale darasa lilipopungua, kazi chini ya usimamizi hufidia. Ina maana pia kwamba mafunzo kwa vitendo ya likizo yasichukuliwe kuwa jambo la kujazia muda, kwa sababu saa zilizoandikwa na kusainiwa vizuri wakati wa masomo zinaweza kumfikisha mtu kwenye mtihani mapema zaidi.

Sheria zenyewe ndipo panapochanganya zaidi. Nchini Uholanzi, sheria inayolinda jina la msanifu majengo inamlinda pia msanifu wa ndani. Tangu 2015 anayetaka kusajiliwa hutakiwa, baada ya shahada ya uzamili, kupitia miaka miwili ya uzoefu. Ujerumani nayo hulinda jina hilo kupitia mabaraza ya wasanifu ya majimbo yake. Uingereza inalinda jina la msanifu majengo kwa sheria ya mwaka 1997, ilhali la mbunifu wa ndani haliguswi, na mtu yeyote anaweza kulitumia. Marekani kila jimbo lina yake. Alabama lilikuwa la kwanza kulinda jina la kazi hii, mwaka 1982, lakini lilipokwenda mbali zaidi na kuzuia wasio na leseni wasiifanye kabisa, mahakama yake ya juu kabisa iliibatilisha sheria hiyo mwaka 2007. Florida ilikuwa na masharti makali hadi mwaka 2020, ilipoyalegeza: asiyesajiliwa anaweza kufanya kazi, ila aliyesajiliwa ndiye anayeweza kupiga muhuri michoro na kuiwasilisha ili kibali cha ujenzi kitolewe.

Kutokana na hali hiyo, swali la kama mtu anaweza kufanya kazi bila leseni halisaidii sana. Lenye manufaa zaidi ni hili: ni michoro ya majengo gani ambayo mamlaka za mahali ninapotaka kufanyia kazi zitaipokea ikiwa na saini yangu? Anayelenga nyumba za watu binafsi katika nchi isiyo na usajili anaweza kujenga maisha yake kwa stashahada nzuri na miaka kadhaa chini ya mbunifu mzoefu. Anayelenga hospitali au viwanja vya ndege atahitaji shahada yenye ithibati, na katika baadhi ya nchi atalazimika kufanya kazi chini ya muhuri wa msanifu majengo maisha yake yote, hata awe hodari kiasi gani. Ni vyema ajue jambo hilo kabla hajalipa ada ya mwaka wa kwanza.

Nashauri kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Tafuta kwanza masharti ya usajili ya nchi unayokusudia kuishi, soma yanataka elimu gani na itoke kwenye programu yenye ithibati ya nani, kisha ndipo utafute vyuo. Jina kubwa la chuo lisikutoshe, kwani ithibati ya kitaaluma hupewa programu yenyewe, na chuo kikuu kinachoheshimika kinaweza kuwa na programu ya ubunifu wa ndani isiyokuwa nayo. Ukienda kutembelea, omba kuona kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na usitazame picha za rangi peke yake; tafuta michoro ya mikato, michoro ya kina ya viungo, orodha za milango na za vifaa. Visipokuwepo, programu hiyo inafundisha picha. Uliza waalimu wangapi bado wanafanya kazi za ujenzi, na wahitimu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi. Masomo ya mtandaoni yanafaa kwa historia, kanuni na programu za kompyuta. Kwa studio yanawezekana endapo mwanafunzi atakosolewa ana kwa ana kwa njia ya video kila juma, lakini kozi ya kutazama video zilizorekodiwa na kujibu maswali ya kuchagua haiwezi kumtoa mbunifu.

Vyuo vingi huomba jalada la kazi kabla ya kumpokea mtu, na waombaji wengi hukosea kwa kujaza picha za vyumba walivyovipenda. Walimu wanaopitia majalada hutafuta namna mtu anavyoangalia na anavyofikiri. Kurasa kumi zinazoonyesha chumba kimoja kilichopimwa kwa futi ya chuma, kikachorwa kwa skeli, kikatazamwa asubuhi na jioni, kisha kikapewa mapendekezo matatu tofauti pamoja na sababu ya kuyakataa mawili, zina uzito kuliko picha hamsini zilizokamilika. Aliyetoka fani nyingine asiifiche. Muuguzi anajua wodi inavyotumika saa nane za usiku, mwalimu anajua mahali watoto wanapoweka mabegi, fundi umeme anajua kilichomo ndani ya ukuta. Programu za uzamili zinazopokea watu wasio na shahada ya ubunifu hutafuta hasa maarifa ya namna hiyo, na huanza kwa mwaka wa maandalizi wa kuwafundisha uchoraji na studio ya msingi kabla ya kuwachanganya na wengine.

Anayesajiliwa hatimaye hukuta kwamba katika mifumo mingi usajili wenyewe huhuishwa kwa masharti ya kuendelea kusoma, kwa saa kadhaa kila baada ya muda uliowekwa, na kwamba sehemu ya saa hizo lazima ihusu afya na usalama wa watu. Vifaa vipya huingia sokoni, kanuni za moto hurekebishwa baada ya kila janga, na viwango vya ufikiaji kwa watu wenye ulemavu hupanuliwa. Mchoro uliokubalika miaka 15 iliyopita unaweza kukataliwa leo kwenye dirisha la vibali, na kazi ya kujua kwa nini umekataliwa ni ya aliyeusaini.